Jibini ya Muhogo

Langas, Eldoret
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, mimi bibi ya Ouma, yule mnayemwita Nyar Ziwa, binti wa Ziwa, hapo nyumbani Bondo. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma na basi ilifika salama, ama chupa ilipasuka tena? Kuku wameacha kufa? Hapa kwetu mvua imenyesha mpaka nguo zinanuka kwa kukosa jua, na baridi ni ileile iliyokufanya useme ukija tena utabeba blanketi yako mwenyewe. Akoth, mjukuu wako, yuko bweni shuleni, hajambo, amekuwa mrefu kunipita na mdomo pia umerefuka. Mimi mwili ni mzima. Ni Ouma ndiye amenifanya nikae chini niandike.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu iko. Mama, nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia. Nikikupigia, Ouma anasikia kila kitu, na akisikia sauti yangu imeanza kubadilika anakohoa kwa makusudi ili nikate. Ukipiga wewe, anachukua simu mwenyewe anakuambia, "Niko poa, Mama, nakula vizuri," halafu haraka haraka anakuuliza habari ya ng'ombe. Hiyo yote ni ya kukutuliza. Wewe ulifundisha shule maisha yako yote, unajua kusoma kitu mpaka mwisho bila kukimbilia. Basi nisomee hii mpaka mwisho. Hali ya Ouma ni mbaya, na nimekataa uje kuisikia kwa mtu mwingine.

Unajua tu kwamba anasafishwa damu kwa mashine, Jumatatu na Alhamisi. Kile hujui ni vita ambayo tumepigana hapa jikoni, na wacha nianzie hapo, maana ndiyo imetufikisha tulipo.

Kazi ya Ouma hukuwahi kuipenda. Nakumbuka Krismasi ile alikuletea jibini, ukaonja, ukamwangalia, ukasema, "Mtu mzima anaamka asubuhi kwenda kutengeneza sabuni?" Tulicheka sana, na yeye akacheka kuliko sisi. Lakini Mama, mwanao alikuwa fundi. Kile kiwanda ni kidogo tu, kiko hapo nje ya mji, maziwa yanaletwa na wakulima kwa mikebe. Ouma anayagandisha, anakata, anakamua yale maji, anashindilia kwenye vyombo, halafu anapanga jibini kwenye rafu za mbao na kuzigeuza kila siku, miezi na miezi. Zikikaribia kuiva anagonga moja moja kwa kidole huku ametega sikio, kisha anatoboa, anachota kipande, anaonja. Mwenye kiwanda hakuuza hata moja kabla Ouma hajasema iko tayari. Nilikuwa namtania kwamba ameajiriwa mdomo, sio mikono.

Sasa figo zikafa. Pale hospitali tulipewa msichana wa mambo ya lishe, anaitwa Mercy, mpole lakini hacheki na mtu kwa chakula. Alituketisha akatueleza kwamba figo zikiacha kazi, vitu ambavyo kwa mtu mzima ni nguvu vinabaki kwenye damu vikizunguka. Kuna potasiamu, hiyo ikizidi inasimamisha moyo. Kuna fosforasi, hiyo inanyonya mifupa na kuwasha ngozi. Akaanza kutaja vya kupunguza na vya kuacha: ndizi, maharagwe, viazi, nyanya, parachichi. Ouma alikuwa anaitikia tu kama mtoto mzuri. Akafika maziwa. Akafika jibini, akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi, ina fosforasi na chumvi imejaa. Ouma akaacha kuitikia.

Alijaribu kubaki kazini akionja na kutema. Haikuwezekana. Aliniambia jibini huijui mpaka umeimeza, kuna ladha inakuja nyuma kabisa ikishapita kooni, na hiyo ndiyo inakuambia kama iko tayari. Mwenye kiwanda akangoja, akangoja, mwishowe akaweka mtu mwingine. Sina kinyongo naye, alifanya alivyoweza. Ouma akarudi nyumbani mchana, akaketi kwenye kiti cha cherehani yangu, akasema, "Jelagat, wamenikataza mimi mwenyewe."

Na mimi nimezaliwa kijijini Ziwa, kwa wafugaji, Mama. Kwetu mtu akihuzunika anapewa maziwa, akifurahi anapewa maziwa, akifiwa anapewa maziwa. Sikujua mtu hutulizwa na nini kingine. Nikasema basi, kama jibini ya ng'ombe imekataa, nitamtengenezea jibini isiyo ya ng'ombe. Mimi ni fundi wa nguo, kwani kupika kutanishinda?

Kulinishinda, aki. Nilianza na korosho, niliona mama mmoja kwenye simu akizisaga na limau zikawa laini kabisa. Nikampelekea Mercy kidogo kwenye kikopo nikijisikia. Akaniuliza, "Nani amekuambia korosho? Hii ni fosforasi ileile, imebadilisha nguo tu." Nikarudi na kikopo changu. Nikajaribu soya, nikaigandisha na siki nikaikamua kwenye leso. Mercy akasema hiyo kidogo kidogo sawa, mara moja moja. Ouma akatafuna, akatafuna, akaniangalia kwa huruma. "Mama Akoth," akasema, "hili ni godoro."

Siku nyingine nikapata kwa supamaketi ya mjini jibini ya pakiti, imeandikwa wazi haina maziwa. Nikaona Mungu amenikumbuka. Mercy akageuza nyuma ya pakiti akasoma na kidole. "Ona hapa, wameweka fosfeti, fosforasi hiyohiyo, ndio isiharibike, na chumvi ni nyingi. Haina maziwa, ni kweli, lakini figo haiulizi kama ni ng'ombe." Nilimkasirikia yule msichana, Mama, nilimkasirikia bure. Nilitoka pale nikaenda nikapigia watu kelele kwenye stage ya matatu, watu hata sijui majina yao.

Halafu ukatuma ule muhogo. Gunia lilifika na udongo wa Bondo bado uko juu, na Ouma akainama akanusa gunia. Nilijua muhogo wenyewe hawezi kula ovyo, potasiamu iko ndani. Lakini nilipouliza, Mercy alifikiri kidogo akasema, "Ukitoa wanga peke yake ukauosha, hiyo ni safi." Wanga ninaujua, Mama. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunaukandia sare za shule zisimame. Nikamenya, nikakwaruza, nikaosha kwa maji mengi, nikakamua kwenye kitambaa, nikaacha maji yatulie mpaka ule unga mweupe ukalala chini. Nikamwaga maji, nikarudia. Nikaanika kwenye trei juu ya kabati kwa sababu nje hakuna jua.

Nilipika na maji, mafuta ya nazi kidogo, limau, siki, kitunguu saumu, manjano ya kuipa rangi, na chumvi ncha ya kisu. Inakuwa maji maji, halafu ghafla inashikana, inavutika, mkono unauma kukoroga. Nikaimwaga kwenye bakuli. Ilipopoa nikaipindua kwenye sahani ikasimama yenyewe, ikatetemeka kidogo, nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama Akoth amechumbiwa.

Ouma akaikata. Akaweka mdomoni. Nikangoja.

"Gundi," akasema.

"Ati nini?"

"Hii ni gundi, Jelagat. Seremala anaweza kushika meza na hii."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini alikuwa anachota kipande cha pili. Akasema moto ulikuwa mwingi, ndio maana imekuwa ngumu nje na ute ndani. Akasema limau liingie mwisho, sio mwanzo. Na kesho yake akaburuta kiti mpaka mlango wa jikoni, akajifunika blanketi, akaanza kunisimamia. "Koroga upande mmoja. Upande mmoja, mama! Sasa punguza. Ngoja. Bado. Haya, toa." Alikuwa ananisumbua, na nilikuwa namjibu vibaya, na ndani ya roho nilikuwa nasema asante Yesu, huyu mtu amerudi kazini. Tulitengeneza karibu kila siku tusipoenda hospitali. Tulitia ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, tukaifunga na kitambaa na kuweka tofali juu. Ikipoa anaigonga kwa kidole akitega sikio. Jibini ya muhogo haina sauti yoyote, Mama, lakini anaigonga. Akaipa jina la zile za kiwandani, Gouda ya Bondo. Wenzake wa kiwandani walikuja kumwona wakapewa, wakala kwa adabu, mmoja akaomba maji.

Kila siku alisema ni gundi. Lakini alikula. Hata Mercy alisema damu yake imetulia, na ile kujikuna usiku kucha ikapungua. Wakati ule ndio nilikupigia nikakuambia tunaendelea vizuri. Sikukudanganya, ilikuwa kweli.

Sasa nakuja kwa jambo gumu. Nimeomba Mungu anisaidie kuliandika bila kumuumiza mtu, kwa sababu lamhusu mama yangu mzazi.

Watu wa Ziwa walisikia kwamba Ouma hapewi maziwa. Huko kwetu hilo halieleweki. Mama yangu alinipigia akaniuliza kama tumekosa pesa ya maziwa, atume ng'ombe. Nikamweleza mambo ya figo. Akasema, "Lakini ni mgonjwa." Nikamweleza tena. Akasema, "Ndio, na mgonjwa anataka nguvu." Nikachoka nikamwambia asijali, tutaongea.

Akaja. Alikuja siku niliyokuwa nimepeleka sare kwa shule moja huko mjini. Alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yanayokaa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa mpaka yanachacha na kuwa ya kijivu. Hicho ndicho chakula cha heshima kwetu, mgeni anapewa, bwana harusi anapewa, mtu aliyetoka mbali anapewa. Akamkuta Ouma peke yake. Akamwaga kikombe kikubwa, akakishika kwa mikono miwili, akampa, akakaa mbele yake.

Wewe umemlea Ouma, unajua ulivyomlea. Mkwe wake ni mtu wa kuheshimu mpaka hawezi kutafuna mbele yake. Alikunywa chote. Akasema ni tamu sana, kwa sababu hakujua aseme nini kingine. Na kwetu mtu akimaliza na akasifu, maana yake anataka mengine. Mama yangu akaongeza. Ouma akanywa. Mama yangu akafurahi, Mama, alifurahi hata aliimba kidogo, akaacha kibuyu hapo kikiwa bado kimejaa nusu, akasema atakichukua akija tena.

Ouma akakificha nyuma ya gunia la muhogo. Akawa ananywa kidogo kidogo nikiwa kwa cherehani. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, aliniambia kwamba mama mkwe hawezi kurudishiwa kibuyu chake na maziwa ndani, kwamba ni kama kumtemea. Nani alimwambia hivyo? Hakuna mtu Ziwa angemlaumu. Mama yangu angemimina yale maziwa kwa ndama na maisha yaendelee. Lakini mwanao alijitungia sheria yetu kwa heshima tu, akaifuata kuliko sisi wenyewe.

Jumatano mchana aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, midomo inamwasha, anasema moyo unaruka na kukosa. Uso ulikuwa umevimba. Jirani akaita gari. Pale hospitali walimpima wakakimbia naye, na mimi nikabaki nimeshika viatu vyake. Daktari akatoka akaniuliza amekula nini. Nikasema muhogo, wali, kabichi, kila kitu kama tulivyoambiwa. Nikaapa mbele yake. Ouma mwenyewe ndiye alisema, akiwa amewekewa mashine ya hewa puani, "Ni maziwa. Usimlaumu mtu."

Alitoka hapo hai. Lakini moyo ulibaki umechoka. Tangu siku hiyo akiwekwa kwenye mashine, presha ya damu inashuka mpaka macho yanageuka, wanalazimika kumtoa kabla hajamaliza. Wanajaribu pole pole, wanajaribu na dawa, bado. Anarudi nyumbani na uchafu uleule alioenda nao. Amekonda mpaka pete inaanguka, ameifunga na uzi. Na kuna siku alianza kuuliza kama paa la nyumba yake hapo nyumbani limerekebishwa. Nikamwambia liko sawa. Akauliza tena kesho yake. Mama, unajua kwa nini mwanaume wa kwenu, anayerudishwa kwake kuzikwa, anauliza paa la nyumba yake nyumbani. Mimi pia nimekaa na nyinyi vya kutosha kujua.

Wiki iliyopita daktari alinivuta kando, kijana mpole, hakunificha. Alisema mwili wa Ouma umeanza kuikataa mashine na hakuna nyingine ya kubadilisha, na kwa moyo ule hata figo ya kupewa hawezi kuwekewa. Nikauliza nimlishe nini sasa, kama nipunguze wali. Akasema, "Mama, mpe chochote anachopenda."

Kwa muda wote huo hakuna mtu alikuwa ametuambia maneno hayo. Tumepima kila kijiko. Tumemwaga maji ya kuchemshia kabichi. Na sasa ati chochote. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea chai.

Halafu nikapangusa uso, nikapanda boda nikaenda kiwandani. Sikujua nitafanya nini kingine. Nikamwambia mwenye kiwanda. Yule mzee aliingia ndani kwenye rafu akakaa sana, akatoka na jibini moja ya duara, ngumu, imekaa mpaka ngozi imekuwa rangi ya kahawia. Akasema hiyo ni moja ya zile za mwisho Ouma alitengeneza kwa mkono wake, alikuwa ameiweka bila kuiuza. Akanikatia kipande kikubwa akakifunga kwa karatasi.

Nilimpa Ouma ilipofika saa ya chai, kwenye sahani ileile tunayoweka ya muhogo. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeamua nitatabasamu, nitasema ni zawadi ya kiwandani, basi. Alikuwa ameegemea mito. Hakuigonga. Aliinusa tu. Akaweka kipande kidogo mdomoni, akafunga macho, akaiacha ikae. Akameza. Niliona anangoja ile ladha ya nyuma. Nilimwona usoni ilipofika, Mama, na sijamwona uso ule tangu aache kazi. Nilifikiri, angalau hii. Angalau nimempa hii.

Akafungua macho.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ndio."

"Imeiva vizuri."

"Mzee alikuwekea."

Akaniangalia vile anavyoangalia kitu anachotaka kujua kama kiko tayari. "Jelagat, daktari alisema nini?"

Nikaanza kukunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimekunjwa.

Akaweka kipande kilichobaki kwenye sahani, akaisukuma pole pole mpaka upande wangu. "Mpe jirani," akasema. "Watoto wake watapenda. Kesho nipikie ile ya muhogo."

"Ouma, kula. Umeruhusiwa. Kula tu."

"Wewe ulinipikia ile kwa sababu ulitaka nipone," akasema. "Hii umeniletea kwa sababu gani?"

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, nikashika nguo zenye maji nikazifinya kama nataka kuziua. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kwamba hata zawadi moja hawezi kupokea bila kuiuliza maswali. Nilimkasirikia daktari. Niliwakasirikia ng'ombe wote wa Ziwa. Kisha nikarudi ndani nikapelekea jirani ile jibini, na watoto wake walikula wakaimaliza wakiwa wamesimama mlangoni.

Asubuhi nikapika ya muhogo. Hana nguvu ya kuja kwenye kiti cha mlangoni, lakini pazia niliacha wazi, na kutoka kitandani akaniambia nimeweka siki mapema. Ilipopoa nikampelekea. Akaigonga. Akakata, akala kipande, akala cha pili, jasho likimtoka kwa kutafuna. "Bado ni gundi," akasema. "Tutajaribu tena kesho." Na tumejaribu kila siku tangu hapo, Mama. Anakula kidogo kuliko jana. Daktari hajui kwamba ruhusa yake tumeikataa, na kama anajua hawezi kukasirika.

Mama yangu wa Ziwa tangu ile siku hajala vizuri. Anakaa tu, hata kukamua ameachia watu wengine. Ananiomba nikuulize kama utamsamehe, na anaogopa kukupigia mwenyewe. Mimi sijui nikuambie umsamehe au usimsamehe, hiyo ni yenu wamama. Ila ujue Ouma amemtumia salamu, akamwambia mursik ilikuwa tamu.

Nisalimie Oloo, shemeji yangu mkubwa, umwambie aangalie paa kweli, asiseme tu ameliangalia. Nisalimie wifi yangu Auma aliyeolewa Ugunja, kama anaweza kuja na wewe kukushika mkono kwenye basi itakuwa vyema. Salimia mama mchungaji, awaombee watu wa nyumba yangu bila kutangaza kanisani. Na Nyaranga, jirani yako wa kisimani, aangalie kuku ukiwa haupo.

Kwa maana naomba uje. Usingoje goti lipone, halitapona kwa baridi hii wala kwa joto hilo lenu, na usingoje nikupigie, kwa sababu nikipiga itakuwa ni kitu kingine. Hapa kuna blanketi, niliinunua nikiwaza wewe. Ouma hajui nimekuandikia. Ukifika mwambie umekuja kutembea tu. Usilie mlangoni, Mama, nakuomba sana, lilia kwangu jikoni, tutalia pamoja nikiwa nimewasha redio. Ukiketi karibu naye atakukatia kipande cha ile ya muhogo, ataigonga kwanza halafu atakupa, na atakuangalia usoni. Kula. Umwambie bado ni gundi, na kwamba utangoja ya kesho.

Ni mimi mke wa mwanao, mtoto wako pia,
Jelagat